Namba Niliyoapa Kuwa Haivunjiki

Wanangu, nyinyi mnaoanza kazi hizi za kompyuta na vyeti vyenu vipya, huwasikia hapa barazani Kibokoni mkisema, "Mfumo huu hauingiliki." Mwasema kwa raha kabisa, huku mwamenya njugu. Mimi hunyamaza. Leo sinyamazi. Nataka niwaambie jinsi nilivyomtia mtu rumande kwa hesabu ambayo haikuwa na kosa hata moja.

Naitwa Zuhura. Nilifanya kazi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yetu ikiwa upande wa Mbaraki, mpaka nilipostaafu juzijuzi. Niliingia nikiwa mpiga chapa wa hati, nikatoka nikiwa mkuu wa kompyuta. Kati ya hapo nilikosea mara nyingi. Makosa mengine yalikuwa ya kuchekesha, na nitaanza na moja la hayo, maana bila hilo hamtaelewa lile lililoniliza.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Bwana Taher, mzee wa Kibohora, kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu na kalamu tatu mfukoni. Alipenda namba kama wengine wapendavyo mpira. Jumatatu moja akanipa namba ya tarakimu ishirini kwenye karatasi. "Zuhura, nambie kama hii ni tasa."

Namba tasa mwaijua: ile isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe. Saba ni tasa, kumi na tatu ni tasa. Mimi nikaona kazi rahisi. Nikaandika programu ya kuigawa ile namba kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa tano, mpaka ipatikane inayoigawa. Nikabandika karatasi kwenye mashine: USIZIME. Nikaifunika kanga isiingie vumbi. Jumanne yaenda. Jumatano yaenda. Alhamisi asubuhi stima ikapotea, na kila kitu kikapotea nayo.

Nilikuwa karibu kulia. Bwana Taher akasoma programu yangu, akavua miwani. "Uliigawa kwa mbili ikakataa?"

"Naam."

"Basi kwa nne ulikuwa ukitafuta nini? Na sita? Na nane? Shufwa zote hizo, mwanangu!"

Ofisi nzima ikacheka. Halafu akakaa kwenye kiti changu, akaandika mistari michache, akabonyeza. Jibu likaja hata sijafunga mdomo: si tasa.

"Vigawo vyake ni vipi?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Hujui, na wasema yagawika?"

"Sijui mimi, wala mashine haijui."

Nilishtuka, wallahi. Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba namba tasa zina tabia yao. Chukua mbili, izidishe kwa yenyewe mara nyingi kiasi cha ile namba yako kasoro moja, kisha gawa kwa ile namba. Ikiwa tasa yoyote isipokuwa mbili yenyewe, baki ni moja daima. Ukipata baki nyingine, si tasa, basi, hakuna mjadala. Na kompyuta ina njia ya mkato ya kuzidisha hivyo, haifanyi mara moja moja. Kujua kwamba namba yagawika ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kujua yagawika kwa nini ni kazi nyingine kabisa, na zikiwa tasa mbili kubwa zilizozidishwa, hakuna mtu aliyewahi kutueleza njia ya haraka ya kuzitenganisha.

"Kwa hivyo haiwezekani," nikasema.

Akanitazama kwa ukali ambao sikuuzoea. "Usiseme haiwezekani. Hakuna aliyethibitisha kuwa haiwezekani. Sema hatujui njia."

Nikaliandika neno hilo kwenye daftari. Daftari likapotea tulipohama ofisi, na neno nikalisahau. Bwana Taher alifariki miaka mingi kabla ya haya ninayowaeleza, na mara nyingine hushukuru kwamba hakuyaona.

Miaka ikaenda. Hati za karatasi zikaondoka, zikaja za kompyuta. Zamani kontena halitoki mpaka karani atie sahihi na muhuri. Sasa kila karani mwenye mamlaka alipewa kifaa kidogo, ukubwa wa kisanduku cha kibiriti, cha kutilia sahihi. Ndani ya kifaa mna tasa mbili kubwa ajabu, za siri, ambazo kifaa chenyewe kimejichagulia. Kikizizidisha hupata namba moja ndefu, tarakimu zaidi ya mia sita. Hiyo ndefu ni ya wazi, imeandikwa katika orodha anayoweza kuiona kila mtu. Zile mbili hazitoki. Mwenye zile mbili ndiye awezaye kutia sahihi, na yeyote mwenye ile ndefu aweza kuikagua. Usalama wote umesimama juu ya jambo moja: kuzidisha ni rahisi, kutenganisha hatujui njia.

Vifaa vyetu vilikuwa thelathini na vinane. Nilivifungua mimi mwenyewe asubuhi moja. Karatasi ya maelekezo ilisema kila kifaa kiwashwe, kitumike kwa muda, kizungukezunguke katika kazi ndogondogo, ndipo kiamriwe kutengeneza namba zake. Meneja wetu, Bwana Shafiq, alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa, kwa kuwa wageni wa makao makuu wangefika saa nane. Nikavipanga mezani kama mahamri, nikaviwasha kwa mkupuo, nikaviamuru hapohapo. Saa sita vyote vilikuwa tayari. Nikasifiwa.

Wanangu, karatasi ya maelekezo isomeni. Someni hata ile sehemu ndogondogo ya chini.

Sasa nije kwa Karisa. Karisa alikuwa karani wa hati za kutoa mizigo, meza yake ikitazamana na mlango wangu. Mtu wa Kaloleni, amehamia Ganjoni na mkewe na binti yao Neema. Mpole, mwenye mwandiko mzuri, tena mwenye mazoea ya kusoma hati mara mbili hata watu wakamchoka. Asubuhi moja wakaja maafisa wa upelelezi na meneja. Kontena la betri za sola lilikuwa limetolewa bandarini wiki iliyopita kwa hati halali, likaenda kusikojulikana. Mwenye mali alipokuja kulichukua, akaambiwa lishachukuliwa. Na hati ilikuwa na sahihi ya Karisa.

"Sikutia sahihi mimi," Karisa akasema. "Hiyo hati hata sijaiona."

"Kifaa chako ulimpa mtu?"

"Hapana. Hakitoki mfukoni mwangu."

Wakanigeukia mimi. Nikaikagua ile sahihi mbele yao. Mashine ikaonyesha kwa rangi ya kijani: halali. Nikaikagua tena. Halali.

"Mtu mwingine aweza kuighushi?" afisa akauliza.

Nami nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. "Haiwezekani. Kompyuta zote za dunia zikikusanywa zifanye kazi hii, dunia itakwisha kabla hazijamaliza. Kama si yeye aliyetia, ni mtu aliyepewa na yeye."

Wakaiandika kuwa taarifa yangu, nikaapa, nikatia sahihi kwa kalamu. Karisa alinitazama kama mtu aliyepigwa na anayemjua. Wakaondoka naye. Mimi nikarudi kwenye kiti, nikamalizia chai yangu. Hilo la chai ndilo huniudhi zaidi nikikumbuka.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi baada ya adhuhuri, nikasikia hodi nyumbani kwangu. Alikuwa mke wa Karisa, Mama Neema, mwalimu wa shule ya msingi. Ameshika mkoba wa madaftari, macho yamevimba, lakini amesimama wima.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Karibu ndani, mwanangu."

Nilijua amekuja kulia, nikajiandaa kumpa pole. Hakulia. Alikaa, akakataa maji, akasema, "Sikuja kukulaumu. Nimekuja unieleze. Wakili asema mume wangu amefungwa na namba. Mimi nafundisha hesabu darasa la sita. Siwezi kukaa na hesabu nisiyoielewa nyumbani mwangu."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Aliandika. Akauliza maswali mafupi, kama akaguavyo daftari la mwanafunzi. Mwisho akasema, "Kwa hivyo kila kifaa kimejichagulia tasa mbili."

"Naam."

"Na nani alihakikisha kwamba vifaa viwili havikuchagua tasa moja?"

Nikatabasamu. "Mama Neema, tasa za urefu ule ni nyingi kushinda mchanga wa pwani zote. Kifaa hubahatisha. Viwili kuangukia moja si jambo la kutokea."

"Hubahatisha vipi?"

"Hubahatisha tu. Ndani kwa ndani."

"Mimi nikiwaambia watoto wangu kila mmoja abahatishe namba kati ya moja na kumi," akasema, "nusu ya darasa huandika saba. Kila mmoja huapa kwamba amebahatisha."

Akafungua ukurasa safi. "Na ikitokea zimegongana, kuna hasara gani?"

"Hata zikigongana, tasa zenyewe ni siri. Hakuna azionaye."

"Ngoja." Akaandika namba mbili: 8051 na 9797. "Hizi nimezitunga sasa hivi. Kila moja ni tasa mbili zimezidishwa. Zitenganishe."

Nikajaribu kichwani, nikashindwa. Yeye akaanza kutoa na kugawa, kama wafanyavyo watoto wanapotafuta kigawo kikubwa cha shirika, ile namba kubwa kuliko zote inayogawa mbili kwa pamoja. Kubwa toa ndogo: 1746. Ndogo igawe kwa hiyo, baki 1067. Tena, baki 679. Tena, 388. Tena, 291. Tena, 97. Na 97 yaingia katika 291 bila baki.

"Tisini na saba," akasema. "Imo katika zote mbili. Ya kwanza ni tisini na saba mara themanini na tatu. Ya pili ni tisini na saba mara mia na moja. Sikutenganisha kitu, Bi Zuhura. Nimezilinganisha tu. Hii ni hesabu ya darasa la sita."

Nikalivuta daftari lake karibu. Si kwamba sikuijua hesabu ile. Niliijua tangu utotoni, na nilijua kwamba kompyuta huifanya upesi hata namba ziwe na tarakimu mia sita, maana kila hatua mbili namba hupungua zaidi ya nusu. Kutenganisha namba moja hatujui njia. Kutafuta kinachoshirikiwa na namba mbili ni kazi ya chini ya sekunde. Vitu hivyo viwili vilikaa kichwani mwangu miaka yote, wala sikuwahi kuvikutanisha.

Kisha nikaiona ile meza. Vifaa thelathini na vinane vimepangwa kama mahamri, vimetoka kisandukuni sasa hivi, havijafanya kazi yoyote, vyote vimewashwa pamoja, vyote vina saa moja na kumbukumbu tupu. Kifaa hubahatisha kutokana na kazi ambazo kimefanya; hivi vilikuwa na nini cha kubahatishia?

"Twende," nikamwambia.

Tulitoka kwa miguu, tukapita mbele ya Ngome, wauza vinyago wakituita kana kwamba tu watalii, tukapanda tuktuk hadi Mbaraki. Mlinzi akashangaa kuniona Jumamosi. Nikachota namba zote thelathini na nane kutoka orodha ya wazi, ile ambayo mtu yeyote aweza kuichota akiwa kwake. Nikaandika programu fupi ya kulinganisha kila moja na kila nyingine. Jozi mia saba na tatu. Nikabonyeza.

Sikuwahi hata kuondoa kidole. Jozi mia saba na mbili zikatoa moja, maana yake hazishiriki kitu. Jozi moja ikatoa namba ndefu iliyojaza mistari minne ya kioo. Pembeni yake majina mawili: Karisa, na Bwana Shafiq, meneja.

Mama Neema akaniuliza mara mbili, "Ndiyo nini hiyo?" Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama lini, nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Namba niliyoapa kwamba dunia itakwisha kabla haijavunjwa ilikuwa imevunjika mbele yangu, kwa mashine yangu ya zamani, kabla feni ya dari haijazunguka mara moja. Na yeyote mwenye orodha ile angaliweza kufanya hivyohivyo, siku yoyote.

"Ni mume wako," nikasema mwisho. "Amesema kweli."

Hapo ndipo alipolia. Alikaa chini sakafuni, palepale, na madaftari ya watoto yakamwagika.

Jumatatu nikaingia kwa Bwana Shafiq na barua moja. Ilisema: Mimi, meneja wa kampuni hii, nampa Bi Zuhura likizo ya mwaka mzima pamoja na gari langu. Nikamwomba aikague kwa mashine yake. Rangi ya kijani: halali. Sahihi yake.

Aligeuka rangi. "Nimeitia lini hii?"

"Hukuitia. Nimeitia mimi, kwa namba zako za siri, na kifaa chako kimo mfukoni mwako."

Alikishika kifaa kupitia nguo, kana kwamba kimemng'ata. Nikamweleza yote. Alisikiliza, kisha akainuka akafunga mlango. "Tubadilishe vifaa vyote wiki hii, kimyakimya. Wateja wakisikia tumekwisha."

"Na Karisa?"

"Kesi ni ya serikali, Bi Zuhura. Mahakama itaamua."

"Mahakama itaamua kwa maneno yangu. Nimeapa."

"Ukienda, waenda peke yako. Na utasema nini? Kwamba wewe ndiwe uliyeviwasha vifaa kinyume cha maelekezo?"

Hilo lilinichoma, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akitazama saa. Nikamwambia, "Ndiyo. Hayo hasa ndiyo nitakayosema." Nikatoka.

Siku ya kesi mwendesha mashtaka alinisimamisha kama shahidi wake. Nilikuwa nimemwandikia mapema, lakini naona alidhani ni woga wa mwanamke mzee. Akasoma taarifa yangu kwa sauti, mpaka pale dunia itakapokwisha. "Ni maneno yako?"

"Ni maneno yangu," nikasema, "na si kweli."

Watu wakaguna. Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akaweka kalamu. "Ulidanganya?"

"Sikudanganya, Mheshimiwa. Nilisema nisichokijua kana kwamba nakijua."

Akanitaka nieleze, nikaeleza. Nilikuja na zile namba mbili za Mama Neema: 8051, 9797, na hatua zake hadi 97. Hakimu alizifuata kwa kalamu yake mwenyewe kwenye karatasi yake. Nilimwona alipofika mwisho, midomo ikafunguka kidogo, akamtazama mwendesha mashtaka, akarudi kwenye karatasi. Kisha nikaonyesha sahihi mpya ya Karisa, niliyoitia asubuhi ile nyumbani kwangu, wakati Karisa mwenyewe yumo rumande. Mashine ya mahakama ikaikagua. Kijani.

"Na nilipoviwasha vifaa hivyo nilikiuka maelekezo," nikaongeza. "Liandikwe hilo pia."

Kesi iliondolewa wiki iliyofuata. Mwizi wa kontena hakupatikana mpaka leo, na sijui alikuwa nani wala alijuaje. Mimi nilipewa barua ya onyo, ya karatasi, kwa wino. Vifaa vikabadilishwa, na kila kipya nilikiacha kifanye kazi siku nzima kabla ya kukiamuru kitu, kisha nikazilinganisha namba zote, jozi kwa jozi. Fanyeni hivyo. Ni dakika moja, na hakuna atakayewaagiza.

Lakini sijawaambia la siku Karisa alipotoka. Nilimngoja nje ya mahakama, nimetayarisha maneno. Alikonda, shati limekuwa kubwa. Mama Neema alinishika mkono, akasimama kando.

"Karisa," nikasema, "naomba radhi. Hesabu yangu ilikuwa sawa, ila sikuuliza swali lililostahili kuulizwa. Nilidhani namba ile nimeijua."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa ule upole wake.

"Ile namba, Bi Zuhura, ulikuwa umeijua miaka miwili," akasema. "Mimi ulikuwa umenijua kumi na tisa."

Akamshika mkewe mkono, wakashuka ngazi.